Mto Nzoia na Wavuvi Wake

Mtu atajapo kijiji cha wavuvi, fikira za wengi huenda pwani moja kwa moja. Huona Lamu na Kipini. Huona ngalawa zimepangwa mchangani na madema yameanikwa juani. Na yule aliyesoma habari za nchi za mbali huona visiwa vya Ugiriki, ambako nyumba nyeupe zimepandana juu ya miamba, na nyavu zimetandazwa gatini. Ni wachache wafikirio Kitale au Bungoma. Kitale ni mji wa nyanda za juu, uliokaa kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Bungoma ni nchi ya miwa, mahindi na wimbi. Walakini mto upitao katika nchi hizi mbili umekuwa na wavuvi wake na desturi zake tangu zamani, na habari za wavuvi hao zafaa kujulikana na kila kijana aliyekua akinywa maji yake. Ndani yake limo fumbo ambalo watu wa zamani hawakulazimika kulifumbua, nasi tumelazimika.

Mto wenyewe ni Nzoia. Urefu wake wapita kilomita 250, na maji yake hutoka pande mbili. Upande wa mashariki ni milima ya Cherangani, ambako vijito kama Kapolet na Moiben huanza katika misitu yenye ukungu. Upande wa magharibi ni mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, utoao Koitobos, Kuywa, Kibisi na Kimilili. Hata jina la nchi ya Kitale limetokana na mto huu, maana Trans Nzoia ni nchi iliyo ng'ambo ya Nzoia. Ukitoka huko, mto huteremka hata Webuye, ambapo maji huanguka kwa kishindo katika maporomoko ya Nabuyole, yaliyoitwa na Waingereza Broderick Falls. Kutoka hapo hupita kando ya nchi ya Bungoma, ukafika Mumias, kisha tambarare za Bunyala. Huko chini mwendo wake ni wa taratibu, kama wa mzee aliyekaribia nyumbani, na mwisho huingia katika Ziwa Victoria karibu na Port Victoria. Nchi yote inayoumwagia maji mto huu ina eneo la kilomita za mraba 12,900 hivi.

Uzuri wa mto huu hubadilika kwa kadiri ya mahali. Huko juu maji ni baridi na meupe, nayo hukimbia juu ya mawe. Karibu na Kitale kuna bwawa la Saiwa, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Hifadhi hiyo ni kama kilomita tatu za mraba tu, na hakuna hifadhi ya taifa nchini Kenya iliyo ndogo kuliko hiyo. Humo hukaa nzohe, mnyama wa jamii ya pongo, ambaye kwato zake ndefu zimepanuka ili aweze kutembea juu ya matope bila ya kuzama. Akitishwa huingia majini, akabakiza pua tu. Fisi maji huogelea katikati ya matete, na mdiria hutua juu ya tawi, akatazama maji bila ya kutikisika, hata ghafula akajitupa kama jiwe na kuibuka na samaki mdomoni. Huko chini, katika Bunyala, mafunjo husimama marefu kupita kimo cha mtu, na sauti ya furukombe husikika mbali asubuhi. Viumbe hivi, isipokuwa nzohe, ni wavuvi kwa namna yao, na vyote huishi kwa kuufuata mto na majira yake.

Katika samaki wa Nzoia, aliyependwa kuliko wengi ni ningu. Si samaki mkubwa sana. Aghalabu urefu wake haupiti mkono wa mtoto. Mdomo wake umeelekea chini, kwa kuwa chakula chake ni ukungu wa kijani uotao juu ya mawe na matope. Sehemu kubwa ya mwaka hukaa ziwani. Lakini mvua za masika zianzapo, na mto ukaanza kufura na kubadili rangi, ningu hukusanyika mlangoni mwa mto makundi kwa makundi, kisha hupanda. Hupanda akishindana na maji, huingia katika vijito na katika majani yaliyofunikwa na mafuriko kandokando ya kingo, na huko hutaga mayai. Mayai huanguliwa upesi, na vifaranga hukua katika maji hayo yaliyotulia, ambamo adui ni wachache na chakula ni tele. Mafuriko yapunguapo, wakubwa hurudi ziwani, na wadogo huwafuata baadaye. Mvua za vuli zinyeshapo, safari hufanywa tena. Hakuwa peke yake katika safari hiyo, maana fwani, samaki mwenye magamba makubwa, hupanda naye, na wengine wadogo pia.

Basi samaki wa ziwa huzaliwa mtoni, na samaki wa mto hulelewa ziwani. Jambo hili msomaji aliweke moyoni, maana habari yote iliyobaki hutegemea hilo. Mtu wa Bungoma aliyetega mgono wake kijitoni alikuwa akivua samaki waliopita mbele ya milango ya watu wa Bunyala. Na mtu wa Bunyala aliyetweka mtumbwi wake ziwani alikuwa akivua samaki waliotagwa katika majani ya jirani yake wa juu. Wawili hao huenda hawakuonana maishani mwao, wala hawakujua kusema lugha moja. Hata hivyo kila mmoja alikuwa akila kwa sababu mwenzake hakumaliza.

Uvuvi wenyewe ulikuwa kazi ya ufundi. Chombo kikuu kilikuwa uzio, ambao Wajaluo wa sehemu za chini huuita kek. Watu walichagua mahali pafaapo, wakapiga nguzo imara chini ya mto, wakazifunga fito na matete mpaka ukuta ukavuka maji kutoka ukingo hata ukingo, au sehemu yake. Katika ukuta huo waliacha milango, na katika kila mlango waliweka mgono, yaani kikapu kirefu kilichosukwa kwa fito nyembamba, chenye mdomo mpana na koo jembamba lililoelekea ndani. Samaki aliyeingia aliona njia ya kuingia ni pana, bali ya kutoka haionekani. Kusuka mgono haikuwa kazi ya mtu yeyote. Fito zilitakiwa zikatwe wakati wake, zisiwe changa wala kavu. Na koo la mgono likiwa pana, samaki hurudi nje, likiwa jembamba, haingii. Kijana alijifunza kwa kukaa karibu na babu yake, mkono wake ukifuata mkono wa mzee.

Mbali na uzio kulikuwa na njia nyingine. Wengine walivua kwa ndoana na mshipi, wengine kwa mkuki katika maji machache. Mabwawa yalipokauka baada ya mvua, wanawake na watoto waliingia matopeni na vikapu, wakavua kambare waliobaki humo. Kamongo, samaki ajuaye kujizika katika matope makavu na kungoja mvua, alitafutwa na watu wa tambarare kwa subira nyingi. Na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walitumia pia utupa, mmea ambao majani yake hupondwa na kutiwa majini ili samaki walewe na kuelea. Njia hii ya mwisho huua mkubwa na mdogo pamoja, nayo yatukumbusha kwamba si kila jambo la zamani lilikuwa jema.

Mahali pa kujenga uzio palikuwa na wenyewe. Kila mtu alijua ya kuwa pindo fulani la mto ni la ukoo fulani, na haki hiyo ilitoka kwa baba kwenda kwa mwana kama haki ya shamba. Kujenga kulihitaji mikono mingi, kwa hiyo jamaa na majirani waliitana. Na waliojenga pamoja waligawana pamoja. Samaki waliozidi chakula cha siku hiyo walipasuliwa, wakakaushwa kwa jua au kwa moshi, wakafungwa katika matita. Watu wa kando ya ziwa walikuwa na samaki wengi na nafaka haba. Watu wa juu walikuwa na wimbi na mtama. Hivyo samaki wakavu walipanda barazani kwa watu wa bara, na nafaka ikateremka ziwani, hata katika miaka ambayo hapakuwa na sarafu katika nchi.

Tusidhani kwamba Wabukusu wa Bungoma walikuwa wavuvi kama watu wa Bunyala. Wao walikuwa watu wa ng'ombe na wa jembe, na samaki kwao alikuwa kitoweo cha majira. Lakini mto ulikuwa na nafasi nyingine katika maisha yao, nayo ni kubwa. Hata leo, katika mwezi wa Agosti wa kila mwaka ugawanyikao kwa mbili, kijana wa Kibukusu atakaye kutahiriwa hupelekwa mtoni au kijitoni alfajiri. Huko hupakwa matope baridi mwili mzima, na juu ya kichwa chake hutiwa bonge la udongo lililochomekwa unyasi. Kisha hurudi nyumbani kwa njia nyingine, si ile aliyoijia, akafika katika ua wa baba yake akiwa kimya na imara. Baada ya hapo huhesabiwa katika rika lake, na marika hayo ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Yakizunguka yote, karne moja imekaribia kwisha. Kwa hiyo matope ya kijito ndiyo mlango ambao kwa huo mtoto huingia katika historia ya watu wake.

Watu wengi wa dunia wameyapa maji heshima kama hiyo. Katika vijiji vya wavuvi wa Ugiriki, kila tarehe 6 Januari, ambayo ni sikukuu ya Epifania, kasisi hubariki maji na kuutupa msalaba baharini, na vijana hujitosa katika baridi ili kuutafuta. Aupataye husifiwa kijiji kizima. Kijana wa huko na kijana wa Bungoma hawajuani, na imani zao si moja. Lakini wote wawili hupimwa ujasiri wao katika maji baridi mbele ya macho ya wazee. Hii ni dalili kwamba mtu aishiye kando ya maji hayaoni kuwa kitu cha kutumia tu.

Sasa tutazame jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alipita Kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias, katika safari yake ya kufika ziwani na mlima Elgon. Baada yake wageni walikuja kwa wingi. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza katika ngome za Lumboka na Chetambe, wakashindwa. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali palipo Kisumu sasa. Vita vya Chetambe huimbwa na kusimuliwa, na yafaa visimuliwe. Lakini kwa samaki wa Nzoia, jambo lililokuwa na nguvu kuliko vita ni reli hiyo. Kabla yake mvuvi alivua kwa ajili ya nyumba yake na jirani aliyemletea nafaka. Baada yake samaki aliweza kuuzwa kwa watu wasioonekana, nao tumbo lao halina kipimo.

Mwaka 1905 nyavu za kunasa zilizotengenezwa Ulaya zilianza kutumika katika ghuba ya Kavirondo, iitwayo sasa ghuba ya Winam. Wavu wa namna hii husimamishwa majini kama pazia. Samaki hauoni, hupenya kwa kichwa, na akitaka kurudi mashavu yake hunaswa. Haukutaka ukoo wa kujenga wala mzee wa kufundisha. Aliyekuwa na fedha aliununua. Hapo kwanza wavu mmoja uliweza kunasa ngege hamsini hata mia kwa usiku mmoja. Kufika miaka ya 1920 hesabu hiyo ilikuwa imeanguka chini ya kumi. Serikali ilishtuka, na mwaka 1927 mtaalamu Michael Graham aliletwa kulichunguza ziwa. Shauri lake lilikuwa kwamba nyavu zenye matundu yaliyopungua inchi 5 zikatazwe, ili samaki wadogo wapite wakazae. Katika miaka ya 1930 shauri hilo likawa sheria.

Lakini sheria iliyo katika karatasi huhitaji mtu wa kuilinda, na ziwa ni pana. Kisha katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, nyepesi, zisizooza, na injini za kufungwa katika mitumbwi. Kufika mwanzo wa miaka ya 1960 sheria ya inchi 5 ilikuwa imeondolewa katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa. Ngege alipoadimika, wavuvi walipunguza matundu ya nyavu zao na kutafuta samaki wengine. Ndipo zamu ya ningu ilipofika. Tumekwisha kuona kwamba ningu hukusanyika mlangoni mwa mto kabla ya kupanda. Tabia hiyo, iliyokuwa uhai wake, sasa ikawa mauti yake; maana palitosha kutandaza nyavu mbele ya mlango huo, siku zile zile alizojaa mayai, na kizazi kizima kilinaswa kabla ya kuzaliwa.

Mambo haya hatuyajui kwa masimulizi peke yake. Mtaalamu P. J. P. Whitehead aliuchunguza uvuvi wa mito ya Nyanza na kuandika habari zake mwaka 1959, na D. A. Cadwalladr alichapisha mwaka 1965 makala juu ya kupungua kwa ningu na kudhoofika kwa uvuvi wa asili katika mto Nzoia. Aliyaunganisha mambo hayo mawili kwa haki. Samaki walipoacha kupanda, hakuna aliyeona faida ya kusimamisha nguzo na kufunga fito. Uzio ulipoacha kujengwa, jamaa hawakuitana tena. Mgono ulipoacha kusukwa, kijana hakuwa na sababu ya kukaa karibu na babu yake. Hivyo wavu uliotandazwa ziwani na mtu asiyejua hata jina la kijiji cha juu ulichukua samaki wa kijiji hicho, na pamoja nao ukachukua kazi, na mgawo, na mafundisho. Hapakuwa na shauri lililofanywa wala adui aliyeonekana. Watu wa juu waliona tu ya kuwa mvua zimekuja na samaki hawakuja.

Hapa yafaa tujiulize swali gumu. Je, wazee wa zamani walimhifadhi ningu kwa hekima yao, au kwa unyonge wa vyombo vyao? Wengi hupenda kujibu kwamba ni kwa hekima. Ni kweli kwamba haki za koo zilizuia fujo, na kwamba mtu aliyevua kwa ajili ya kula alikuwa na kikomo. Lakini tuseme kweli yote. Uzio ulioziba mto kutoka ukingo hata ukingo ulikusudiwa kukamata kila apitaye. Kilichomwokoa ningu ni kwamba mto wenyewe ulikuwa na nguvu kuliko uzio. Mafuriko makubwa yalipokuja, maji yalipita juu ya fito, au yaliubomoa ukuta mzima. Na katika siku hizo, ambazo ndizo siku za kupanda kwa wingi, samaki walipita. Mto ulikuwa ndio sheria. Mtu hakuhitaji kujizuia, kwa kuwa alikuwa amezuiwa.

Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Katika kisiwa cha Kalymnos nchini Ugiriki, watu waliishi kwa kuzamia sifongo tangu kale. Mzamiaji alishuka uchi, ameshika jiwe bapa la kumvuta chini, akakata sifongo kadiri pumzi moja ilivyomruhusu. Pumzi yake ndiyo iliyokuwa kikomo. Katika miaka ya 1860 lilikuja vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba na mpira wa kuletea hewa. Sasa aliweza kukaa chini muda mrefu na kwenda kina kirefu zaidi. Utajiri ulikuja upesi, na msiba ulikuja nao: wazamiaji wengi walikufa au kupooza, kwa kuwa hawakujua madhara ya kupanda juu haraka kutoka kilindini, na sifongo za karibu zilikwisha wakalazimika kusafiri mbali. Hata leo kisiwani humo huchezwa ngoma ambayo ndani yake mchezaji huiga mwendo wa mzamiaji aliyepooza miguu. Pumzi ya mzamiaji wa Kalymnos na mafuriko ya Nzoia yalifanya kazi moja. Chombo kipya kilipoviondoa vikomo hivyo, hapakuwa na kikomo kingine kilichokuwa tayari kushika mahali pake.

Kama watu wa chini walimzuia ningu kupanda, watu wa juu nao hawana haki ya kujisifu. Trans Nzoia ilipokuwa nchi ya walowezi, na hasa baada ya reli kufika Kitale mwaka 1926, misitu na majani vilitoa nafasi kwa mashamba makubwa ya mahindi na ngano. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa, na kilimo kikasogea mpaka kando ya maji kabisa, katika majani yale yale ambamo samaki hutaga. Udongo ulichukuliwa na mvua, na mto ukawa mwekundu. Mwaka 1973 kiwanda cha sukari kilianza kazi Mumias. Mwaka 1974 kiwanda cha karatasi kikaanza Webuye. Na mwaka 1978 sukari ikaanza kutengenezwa katika kiwanda cha Nzoia karibu na Bungoma. Viwanda hivyo vililisha nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi. Lakini uchafu uliingia mtoni, kama uingiavyo pia kutoka katika miji, na kila kitu kinachotupwa juu hufika kwa aliye chini. Udongo wa Cherangani na Elgon hulala katika tambarare za Bunyala, ukaupandisha mto juu ya nchi inayouzunguka. Ndiyo sababu moja ya mafuriko yanayowatesa watu wa Budalang'i, kama yale ya mwaka 2020, kingo zilizojengwa kuuzuia mto zilipobomoka na maelfu wakahama nyumba zao. Aliye chini alichukua samaki wa aliye juu, na aliye juu akampelekea mwenzake matope.

Na ziwa nalo liligeuka. Mbuta, aitwaye pia sangara, aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ya 1980 alienea akala samaki wengi wa asili. Leo ningu yumo katika orodha ya samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Sokoni Kitale na Bungoma samaki hawakosekani; wamo omena, wamo mbuta, wamo ngege wa mabwawa. Lakini kijana amwulizaye mama muuza samaki habari za ningu huenda akatazamwa kama aulizaye habari za kale.

Hata hivyo habari hii haijafika mwisho wake. Wataalamu wa Uganda na Kenya wamejifunza kumzalisha ningu katika mabwawa, jambo ambalo zamani lilidhaniwa kuwa kazi ya mto peke yake. Kuanzia mwaka 2009 serikali ya Kenya iligharimia kuchimbwa kwa mabwawa ya samaki, 200 katika kila jimbo la uchaguzi miongoni mwa majimbo 140, na wakulima wa Bungoma na Trans Nzoia walikuwa miongoni mwa waliojifunza kufuga samaki kama wafugavyo kuku. Mabwawa mengine yalikauka kwa kukosa chakula cha samaki na matunzo. Mengine yanalisha nyumba zao hata sasa. Kando ya ziwa wavuvi wamepewa vikundi vya kuzisimamia fuo zao wenyewe, ili waangalie nyavu na majira ya kuvua. Na sheria yakataza kulima mpaka ukingoni mwa mto, ingawa wengi bado hulima.

Haya yote ni majaribio ya kujenga kikomo kipya mahali pa kile kilichobomoka. Kazi hiyo ni ngumu kuliko ile ya wazee, maana wao walizuiwa na mto, nasi yatubidi tujizuie wenyewe. Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote. Usemi huo ulisemwa na watu ambao hawakuweza kuchukua yote hata kama wangetaka. Sisi twaweza. Tuna wavu usiooza, tuna injini, tuna jembe la trekta na bomba la kiwanda. Na mafuriko hayana tena nguvu ya kutunyang'anya vitu hivyo. Kijana wa Kitale alimapo kando ya Koitobos, na kijana wa Bungoma atupapo taka katika Kuywa, na kijana wa Port Victoria atandazapo wavu wake masika yaanzapo, kila mmoja ameshika mlango wa nyumba ya mwenzake. Akiufunga, hatamsikia mwenzake akibisha, kwa kuwa yuko mbali. Lakini mvua zitakuja kwa wakati wake, mto utafura na kubadili rangi, na itajulikana kwa samaki ya kuwa mlango ulikuwa wazi au ulifungwa.